Nilivyomfuata Kaka Rashidi Hadi Mji wa Mashimo

Tangu nirudi, kila anayeniletea kitambaa hapa Mwanga, Kigoma, anakaa kwenye benchi langu na kuanza: "Mwavita, hebu tuambie." Nimesimulia mpaka nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia la gauni la mke wa mwalimu. Basi naandika mara moja, msome wenyewe, mniache nifanye kazi. Mambo ya tiketi, viza na picha za pasipoti nayaruka, hayana utamu. Kaka amenipa ruhusa nisifiche kitu, hata yale yanayomhusu yeye.

Kwa wasiojua: kaka yangu Rashidi aliondoka Ujiji akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili kwenda Chekoslovakia kusomea uhandisi wa migodi. Mimi nilikuwa darasa la sita. Barua zake zilikuja kwa miaka kadhaa. Amefaulu, amekuwa injinia, anafanya kazi katika mji mdogo wa milimani uitwao Rudna Hurka. Mama yetu, Bi Mwamini, akaanza kuitwa Mama Injinia, naye akaitika. Kisha baba akafariki, tukamwandikia kaka aje. Hakuja, na hakuandika tena. Miaka tisa.

Wakimbizi walipofurika kwetu, kwanza wa Burundi, halafu wa Kongo waliovuka ziwa na magodoro juu ya mitumbwi, nilipata kazi ya kushona mashuka na nguo za watoto za hospitali ya kambini. Huko nikamkuta nesi Mcheki, Jarmila. Nilimwonyesha kadi ya mwisho ya kaka, naye akaandika barua kwa ofisi ya mji ule. Jibu likaja baada ya miezi mitatu: mtu huyo yupo, yuko hai, lakini anasema hana ndugu Afrika.

Mama aliniambia nimsomee mara mbili. Kisha akasema, "Nenda ukamtazame usoni. Akilisema hilo mbele yako, nitaacha kumngoja."

Kigoma hadi Dar es Salaam

Nilipanda treni nikiwa na begi moja na koti nililolishona mwenyewe kwa mablanketi mawili mazito, lenye bitana na mifuko minne. Jarmila alinipa karatasi yenye maelezo kwa Kicheki, niwaonyeshe watu njiani.

Tulipopita Uvinza mvua ilikuwa imesomba tuta la reli mbele yetu. Tulikaa porini siku nzima na nusu. Watu walishuka wakawasha moto, na chumvi ilikuwa tele maana nusu ya behewa walikuwa wamenunua chumvi ya Uvinza. Aliyekaa mbele yangu alikuwa mama wa Kirundi, Espérance, mwenye gunia la mihogo. Akachemsha, akanipa, nikala.

Hapo akapita mtu wa kukagua vitambulisho. Akaniangalia, akauliza, "Wewe Mrundi?"

"Mimi wa Ujiji."

"Wote mnasema hivyo."

"Basi kaa nikutajie mtaa wetu nyumba kwa nyumba." Nikaanza. Nilipofika nyumba ya nane akasema imetosha, akaenda zake.

Nilikereka sana kuitwa mkimbizi. Halafu nikamwona Espérance anakunja karatasi yake ya kambi, anairudisha kifuani polepole, nikaona aibu kwa kukereka kwangu. Alinikatia muhogo mwingine.

Stesheni ya Saranda tulinunua kuku. Dodoma tukalala kwa kukaa. Tulifika Dar siku ya nne, miguu imevimba, lakini koti langu lilikuwa bado limenyooka.

Angani, na Praha

Ndege sina mengi ya kusema juu yake. Wanakufunga, wanakulisha, wanakufungua.

Praha, mji mkuu wa Wacheki, alinipokea dada wa Jarmila, akanilaza siku moja, asubuhi akanipandisha treni ya kuelekea magharibi. Akaniandikia kituo cha kubadilisha na saa ya treni ya pili. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mimi nimetoka Kigoma, treni nazijua. Nilijiamini kweli. Nje ilikuwa mwezi wa tatu, theluji imebaki kwenye kingo za mashamba kama mafungu ya chokaa, na miti yote haina majani. Nilidhani imekufa. Nikasikitika kwa nchi ya watu.

Kituo nilichoachwa na treni

Nilishuka pale pa kubadilisha, nikaikuta treni ndogo ya mabehewa mawili. Nikapanda. Ili niwe na uhakika nikamuuliza mzee mmoja kwa Kiingereza changu cha shule: "Train, Rudna Hurka?"

Akanitazama kwa upole, akasema, "No, no, no."

Nikashuka haraka. Treni ikaondoka. Mzee akawa ananipungia mikono dirishani kama mtu aliyeona nyumba inaungua. Baadaye ndipo nilipoambiwa kuwa kwa Wacheki, mtu akisema "no" ana maana ya ndiyo, ndiyo, ndiyo hiyo.

Treni nyingine ilikuwa ya kungoja saa nne nzima. Njaa ikanishika, nikaingia mgahawa wa kituo. Mama wa jikoni alikuwa mnene, mashavu mekundu, Kiingereza hajui. Mimi Mwislamu, nilitaka kujua kama nyama ni ya nguruwe. Nikaonyesha sufuria, nikakoroma kama nguruwe, nikauliza kwa macho. Akafurahi sana. Akanipakulia sahani imejaa nguruwe, na kabichi juu.

Ikabidi nikorome tena huku nikipunga mikono kukataa. Wanaume wawili waliokuwa wakinywa bia wakacheka mpaka wakashika meza. Mama yule alipoelewa, aliweka mkono kifuani akasema maneno mengi yaliyosikika kama samahani, akaniletea mayai, na vipande vyeupe vya unga uliochemshwa, laini, kama andazi lisiloonja mafuta. Nilikula vyote. Kisha akashika ukingo wa koti langu, akaligeuza kuangalia bitana, akaangalia na ushonaji. Alikuwa mshonaji pia, nilijua kwa vidole. Tulikaa tukionyeshana mishono ya nguo zetu mpaka treni ikaja, na safari hii alinipandisha yeye mwenyewe.

Hurka

Reli inaishia bondeni. Kutoka hapo ni basi la kupanda mlima kwa nusu saa, misonobari kushoto na kulia, halafu mji unatokea ghafla: uwanja wa mawe ulioinama, nyumba za rangi ya maziwa na za njano zimezunguka, na kanisa kubwa kupita kiasi kwa watu waliobaki. Kijito kinapita katikati, maji yake mekundu kama kutu. Na kila upande kuna vilima vidogo vyenye vichwa bapa vilivyoota miti myembamba yenye magome meupe. Nilidhani Mungu aliviumba hivyo. Kumbe ni vifusi vilivyotolewa ardhini. Barabara moja imezungushiwa uzio kwa sababu inatitia, na nyumba mbili zimeegemeana kama wagonjwa.

Nilimwonyesha dereva karatasi yangu. Aliisoma yote, akawaita abiria wengine nao wakaisoma, kisha wanne kati yao wakanisindikiza hadi kwenye mlango wa bibi mmoja, Hedvika. Huyu ndiye mwenye nyumba anayopanga kaka. Alikuwa mdogo wa umbo, mgongo umepinda, na alisema neno moja nililolielewa: "Rashid!" Akaonyesha juu ya mji. Akanivua viatu kwanza, akanipa chai yenye limau na keki iliyojaa mbegu nyeusi ndogondogo. Nilizitazama kwa muda nione kama zinatembea. Hazikutembea.

Baada ya chai tulipanda pamoja, yeye na fimbo yake, mimi na begi langu. Nilikuwa nimekwisha amua: sitalia, sitapiga kelele, nitamwamkia tu.

Mgodi ulifungwa serikali ilipobadilika, na lango lake sasa limefanywa makumbusho. Nje kulikuwa na wanafunzi kama ishirini wa shule, na mbele yao mwanamume mweusi mwembamba, nywele zina mvi pembeni, akigawa kofia ngumu na kuzihesabu kwa Kicheki. Alikuwa na bega la baba. Nikajipanga nyuma ya watoto. Foleni ikasogea. Alinipa kofia bila kunitazama.

"Shikamoo, kaka Rashidi."

Mkono wake ulibaki hewani. Alisema kwanza jambo kwa Kicheki. Kisha, kwa sauti ndogo iliyokwaruza, "Marahaba." Akakaa kwenye kigari cha zamani cha kubebea mawe, akaifunika midomo yake kwa kiganja.

"Mwavita?"

"Mwavita."

"Mama?"

"Mzima. Anakungoja."

Hedvika aliwachukua wale watoto akaanza kuwaeleza kitu kuhusu mashine, ingawa nadhani hakujua lolote kuhusu mashine.

Chini ya kilima

Siku ya pili makumbusho yalikuwa yamefungwa. Kaka akanipa kofia, buti na taa, akasema nikitaka kujua alikoishi miaka yote, niingie. Nikaingia. Siogopi giza, ila kichwa kiligonga mwamba mara sita.

Alinisimulia mji wake huku tukitembea, Kiswahili chake kikiwa cha zamani, maneno ya vijana wa Ujiji wa wakati ule ambayo leo hayasemwi na mtu. Wa kwanza walifuata madini ya fedha, miaka mia kadhaa iliyopita. Walichonga kwa nyundo na patasi, na njia zao ni nyembamba, unapita kwa ubavu. Utajiri ule ndio ulijenga kanisa. Fedha ikaisha, nusu ya watu wakaondoka. Ikaja risasi, ikaja bati, kila mara watu wakarudi na kuondoka tena. Baada ya vita kuu ya pili wakaja kutafuta madini ya urani, na serikali ya wakati ule ikawaleta wafungwa waichimbe, wengi hawakuwa na kosa zaidi ya kusema. Mwisho ikabaki bati tena, mpaka kufungwa.

"Na wenyeji?" niliuliza.

"Wenyeji wa hapa walikuwa Wajerumani. Vita ilipoisha walitolewa wote, kila mtu na mzigo anaoweza kubeba. Nyumba zikabaki na sahani mezani. Hedvika ni Mjerumani. Baba yake aliachwa kwa sababu alijua kuzuia mgodi usiporomoke. Darasa la Hedvika zima liliondoka kwa siku moja, akabaki yeye na mtoto mwingine mmoja."

Nikafikiria ufukwe wetu siku mitumbwi ya Kongo ilipokuwa ikifika, na wale kina mama waliokuwa wakiuliza kama kuna anayemjua fulani. Tulifika pahali papana, akasimama, akakohoa kwa muda mrefu, mkono ukutani.

"Kaka," nikasema, "kwa nini uliwaambia huna ndugu?"

"Nani kasema?"

Nikamwambia jibu la ofisi. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Walinijia na fomu ya shirika la wakimbizi. Wakauliza, una ndugu wakimbizi Afrika? Nikasema sina. Sisi ni watu wa Ujiji, Mwavita! Tangu lini tumekuwa wakimbizi?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka sauti ikazunguka mgodini na kunirudia. Nilimkumbuka yule mkaguzi wa treni na nyumba zangu nane. Lakini kaka hakucheka.

"Ningeweza kuwauliza barua imetoka kwa nani," akasema. "Niliona imeandikwa Kigoma. Sikuuliza."

"Kwa nini?"

Akazima taa yake. Nadhani hakutaka nimwone.

"Mimi si injinia. Nilifeli mwaka wa pili. Hesabu nilizijua, lugha ilinishinda, na nilipoielewa lugha mtihani ulikuwa umepita. Wakaniambia nirudi nyumbani. Mgodi huu ulikuwa unatafuta watu, nikaja hapa. Nikawaandikia nyinyi kuwa nimekuwa injinia, nikijua nitasoma tena baadaye ili iwe kweli. Sikusoma. Nimechimba miaka saba, halafu kifua kikakataa. Mlipoandika baba amefariki, mliandika, njoo Injinia, tunakuhitaji. Ningekuja na nini?"

Mkewe, Mcheki, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Watoto hawakupata. Hayo nayo aliyasema gizani, haraka haraka.

Mimi nilikuwa na hasira. Siwezi kusema uongo katika jambo hili. Mama alivaa jina lile kama kanga ya sikukuu, na alilivaa hadharani. Lakini nilimsikia anavyovuta pumzi, nikajua kuwa hasira yangu itaningoja, haina haraka.

"Washa taa," nikasema. "Ijumaa, mama utamwambia mwenyewe."

Ijumaa, posta

Nilikuwa nimepanga na mama kabla ya kuondoka. Kila Ijumaa baada ya swala atakaa kwenye duka la Mzee Issa hapa Mwanga, penye simu. Kaka alijaribu kila sababu. Mara posta inafungwa mapema, mara laini za Afrika hazipatikani, mara kifua. Nilimshonea kifungo kilichokatika kwenye koti lake, nikamwambia twende.

Laini ilipatikana mara ya tano. Kibanda kilikuwa kidogo, tukabanana, sikio langu karibu na lake.

"Mama, shikamoo. Ni Rashidi."

Mama akasema, "Umekonda. Nasikia sauti imekonda."

"Mama, nisikilize. Mimi sikuwa injinia. Nilifeli. Nilikuwa mchimbaji."

Waya ukanguruma. Nilimsikia Mzee Issa kwa mbali akimfukuza mteja.

"Mchimbaji wa nini?" mama akauliza.

"Wa bati."

"Bati la kuezekea?"

"Si hilo, mama. Ni madini, yanayeyushwa..."

"Baba yako aliezeka nyumba hii kwa bati mwaka ule ilipokuja barua yako ya kufaulu. Alipanda juu mwenyewe." Kaka alikuwa amefumba macho. "Umenidanganya, na umemdanganya yeye, na yeye sasa huwezi kumwomba radhi. Hilo utalibeba. Mimi unaweza kuniomba, lakini si kwa simu. Unakuja lini?"

Nikamchukulia kaka simu mkononi. "Tunakuja wote, mama."

Alinitazama kama aliyesukumwa majini, lakini hakunikanusha.

Kurudi

Nilikaa Hurka siku kumi na tisa. Habari za koti langu zilienea, wanawake wakawa wanakuja kulitazama jikoni kwa Hedvika, nikakata moja kwa blanketi lake la zamani, akalivaa kanisani. Siku ya kuondoka alitusindikiza hadi kituo cha basi, akamwambia kaka maneno machache, kaka akainama akambusu mkono. Nilimuuliza amesema nini.

"Amesema kwao walioondoka hawakurudi hata mmoja kuomba maji. Amesema niende nikanywe."

Dar kaka alishangaa kila kitu. Kwenye treni alikaa dirishani. Alikuwa amesahau jinsi ya kula kwa mkono bila kuchafua shati, akakumbuka kufikia Morogoro. Tabora watu walimsikia Kiswahili chake wakamuuliza ametoka nchi gani, naye akasema Ujiji, wakacheka, akacheka nao. Aliniambia anakuja kusalimia tu, hasemi kama atakaa. Nikamwambia sikumuuliza.

Tuliingia Kigoma asubuhi, ziwa linang'aa chini ya stesheni. Mama alikuwa amefika tangu alfajiri, amevaa baibui yake nzuri, amekaa kwenye benchi, fimbo magotini. Hakusimama. Kaka alitembea mpaka mbele yake, akapiga magoti sakafuni na suruali yake ya Ulaya, akasema aliyopaswa kusema. Sikuyasikia yote na sitayaandika niliyoyasikia.

Mama alimwacha amalize. Kisha akachukua mkono wake wa kulia akaugeuza kwenye mwanga. Wachimbaji wa kule, jiwe likiwakata na vumbi likaingia, kovu linabaki na rangi ya bluu kama wino. Kaka anayo mengi. Mama akaweka kidole juu ya moja, karibu na kidole gumba.

"Hili?"

"Mwaka wa kwanza. Jiwe liliteleza kwenye ukanda wa mashine."

"Na hili?"

"Mnyororo."

"Na hili?"

Abiria walishuka wakaisha, wapagazi wakaondoka, mfagiaji akafagia kutuzunguka. Nilikaa juu ya begi. Alipomaliza mkono wa kulia, mama aliuachia, akaunyosha wake apewe wa kushoto.